Nyumba Isiyofagiwa

Aliniambia nibaki garini. Alisema sakafu ya nyumba ile imeoza, mtu asiyeijua anaweza kutumbukia mguu mzima, na yeye hakuwa tayari kunirudisha kwa mama yangu nikiwa nachechemea.

"Mama yako ananichukia vya kutosha," alisema, akacheka, akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akabeba kamera na stendi yake, akazama kwenye nyasi zilizomfika kiunoni.

Niliutazama mgongo wake mpaka ukapotea nyuma ya ukuta. Miezi minane nilikuwa nautazama mgongo ule kila ukiondoka, na bado nilikuwa sijashiba.

Mimi ni fundi wa fremu. Nakata mbao, nakata vioo, nawatilia watu kwenye fremu picha zao za harusi, za mahafali na za marehemu. Yeye aliingia dukani kwangu siku moja akiwa na picha kumi na mbili zilizoviringishwa ndani ya bomba la plastiki, akazitandaza mezani, akazikandamiza pembeni kwa nyundo yangu na kopo la gundi. Zote zilikuwa picha za nyumba kuukuu za mashambani. Mlango uliobakiwa na bawaba moja. Dirisha ambalo mti umeingiza mkono. Kiti chenye tandiko lililopasuka, kimekaa peke yake katikati ya sebule, kinapigwa na jua. Sikuwahi kujua kwamba kuoza kunaweza kupendeza kiasi kile.

"Nani anakaa humu?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu. Ndiyo maana nazipenda. Nyumba isiyo na mtu haikuulizi unatafuta nini."

Akainua macho akanitazama, na hakuyaondoa haraka. Alikuwa na namna ya kutazama kana kwamba kila kilichokuzunguka kimezimwa, umebaki wewe tu. Siku ile aliziviringisha tena akaondoka nazo; wiki iliyofuata alileta moja niitie fremu. Kesho yake nyingine. Angeweza kuzileta zote kwa siku moja, na sote wawili tulilijua hilo. Aliniita Fundi, na hata tulipoanza kupendana hakuniita jina lingine.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mfupa kooni.

"Watu wake ni akina nani?" aliuliza siku nilipomwambia tunataka kuoana.

"Hana, mama. Wamekufa wote."

"Wote? Hata wa kumsindikiza kuja kubisha hodi hapa hakubaki?"

"Si kosa lake kwamba alizaliwa kwenye ukoo mdogo."

"Sijasema kosa. Simkatai kwa umaskini wala kwa sura. Namkataa kwa sababu kila nikimuuliza alikozaliwa, anaanza kusifia chai yangu."

Kaka yangu mkubwa alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama kwamba ana roho mbaya, neno ambalo sikuwahi kumtamkia tangu nizaliwe, na kwa majuma mawili tukawa tunapishana ukumbini kama wapangaji.

Kwa hiyo safari ile, kwangu, ilikuwa ya kumwonyesha mama kwamba nimechagua. Maonyesho ya picha zake yalikuwa yamebakiza siku kumi yafunguliwe. Mwenye ukumbi alitaka picha moja zaidi, kubwa, ya kutundikwa pale watu wanapoingia, na yeye akasema anajua jiko moja ambalo jua la alasiri likiingia linakuwa kama kanisa. Nikafunga duka, nikapanda gari. Tulikwenda saa tatu nzima, dakika ishirini za mwisho zikiwa za vumbi na mashimo.

Nilikaa garini karibu saa nzima. Joto lilikuwa la kupikwa. Inzi waliingia dirishani, wakubwa, wa kijani, wazito kama waliotoka kula mahali fulani, wakanitua midomoni. Nilikuwa nikimfukuza mmoja nilipomsikia akizungumza ndani ya nyumba. Mwanzoni nilidhani anajisemea. Kisha sauti nyingine ikamjibu, ya mwanamke.

Nilishuka.

Harufu ilinipokea mlangoni kama kofi. Ilikuwa na ukali wa mkojo uliokaa, ukali wa popo, na chini yake kulikuwa na kitu kitamu kilichovunda, kitu kilichokufa ndani ya ukuta. Mate yalinijaa mdomoni. Nikaziba pua kwa kiganja na kuvuta hewa kwa mdomo, nikagundua kwamba hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa naionja.

Sebule niliijua. Kile kiti chenye tandiko lililopasuka nilikifutia kioo kwa mikono yangu. Kwenye picha, sakafu chini yake ilikuwa na kitu cheusi laini, kama zulia lililochakaa, na nilikuwa nimekipenda kile cheusi; nilichagua mbao nyeusi ya fremu ili ifanane nacho. Sasa nilikuwa nimesimama juu yake. Kilikuwa kinyesi cha popo, kimelundikana mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kilikuwa kinacheza. Niliinama kutazama. Mende wadogo walikuwa wakiogelea ndani yake. Mmoja alishapanda kiatuni.

Ukutani koga ilikuwa imetambaa mpaka darini, ya kijani na nyeupe, na mahali ilipochubuka, ukuta ulikuwa na unyevu kama kidonda. Juu, mbao za dari zilikuwa zimepinda kwa uzito, na kupitia nyufa zake nilisikia popo wakisuguana na kulialia. Kitu chenye majimaji kilinidondokea begani. Sikukigusa. Sauti zikaendelea kuja kutoka kwenye korido.

"Sogea kidogo tena, Mama Mkubwa. Bado kivuli chako kinaonekana."

"Nisogee wapi tena, Kidole? Huko nyuma kuna maji."

"Kaa tu nje ya mlango. Dakika kumi."

"Dakika kumi za mara ile zilifika jioni."

Nilitembea kwa kunyata, si kwa kuvizia, bali kwa kuogopa ninachokanyaga. Jiko lilikuwa mwisho wa korido. Ni kweli kwamba jua lilikuwa linaingia vizuri. Liliingia kupitia bati lililotoboka na kuangukia meza yenye masizi, sufuria iliyoota kutu, na kitanda. Kitanda kilikuwa ndani ya jiko, kwa sababu hapo ndipo paa lilipokuwa halivuji sana. Godoro lilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la mtu. Juu ya mto palikuwa na sahani ya chakula cha jana, na wale inzi wa kijani walikuwa juu yake wakifanya mkutano.

Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwenye mlango wa nyuma, amebanwa ukutani ili asionekane. Miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. Alikuwa amevaa gauni safi. Hilo ndilo jambo lililonigusa kwanza, kwamba katikati ya uvundo ule gauni lake lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa, kama la mtu anayetarajia mgeni.

Mchumba wangu aligeuka akaniona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa kwa kasi ile.

"Nilikwambia ubaki garini."

"Huyu ni nani?"

"Ni mama mmoja tu. Anailinda nyumba."

Yule mama alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Haya," alisema. "Mimi ni mlinzi. Karibu, mwanangu. Usikanyage pale, pamelegea. Wewe ndiye umetoka kwa watu wa ukarabati?"

"Watu gani, mama?"

"Hawa wanaopelekewa picha. Kidole amesema lazima waione nyumba ilivyo, ndipo watume mafundi." Alinitazama kiatu, akaona mende, akaona jinsi nilivyoziba pua. Akainamisha kichwa. "Nisamehe kwa uchafu huu. Alinikataza nisifagie. Tangu mvua za mwaka jana sijagusa ufagio. Mimi si mchafu. Waulize majirani, kabla ya hapo ungeweza kula chakula kwenye sakafu hii."

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa anarekebisha stendi ya kamera, skrubu ambayo haikuwa na tatizo.

"Mama Mkubwa, huyu hahitaji kusikia hayo yote," alisema.

"Kwa nini unamwita Kidole?" niliuliza.

"Si ndiyo jina lake la nyumbani. Mdogo wangu alimwacha na miezi saba, akafa. Mimi sikuwa na maziwa. Akawa ananyonya kidole usiku na mchana mpaka kikachubuka nyama. Kovu bado lipo, mwambie akuonyeshe."

Sikuhitaji kuonyeshwa. Lile kovu nililijua. Alikuwa ameniambia alikatwa na kioo cha dirisha akipiga picha, na mimi, fundi wa vioo, nililibusu kovu lile mara nyingi kuliko nilivyobusu mdomo wake. Nilijipangusa midomo kwa mkono wa blauzi bila kukusudia. Aliniona nikifanya hivyo.

Alinishika kiwiko, akanivuta mpaka sebuleni, katikati ya kinyesi.

"Usinitazame hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Ulisema wamekufa wote."

"Ulitaka niseme nini? Kwamba nimetoka humu?"

"Ndiyo. Hivyo tu. Ungesema hivyo."

"Hujui unachosema, Fundi. Popo walikuwepo tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa naoga mara mbili asubuhi, nafua shati kila siku, na bado nikiingia darasani watu wanafungua madirisha. Mwalimu alinipa dawati la peke yangu. Miaka saba. Unajua mtu anavyojisikia akiwa yeye ndiye harufu?"

Sauti yake ilipasuka pale. Nilimhurumia. Nilimhurumia kweli, na mkono wangu ulianza kwenda kwenye shavu lake kama ulivyozoea.

"Na yeye ukamwacha humu," nilisema.

"Hataki kuhama."

"Amekataa, au hujamuuliza?"

Aligeuka akatazama koridoni.

"Sawa. Na kufagia? Nani aliyekataa kufagia?"

"Picha hizi ndizo zimenitoa nilikokuwa. Ukifagia ile sakafu, linabaki jiko la kawaida la bibi kizee. Hakuna mtu atakayesimama mbele yake hata dakika moja. Nikishamaliza maonyesho, naleta mafundi kweli. Nakuapia."

"Mara ya kwanza ulimwapia mwezi gani?"

Popo mmoja alianguka kutoka darini, akatapatapa kwenye lile zulia jeusi karibu na miguu yetu, na yeye akamsogeza kwa ncha ya kiatu bila hata kumtazama, kama mtu anayesogeza kiti. Ndipo kinyaa kilipohama. Kilitoka kwenye kuta, kwenye godoro, kwenye mende, kikahamia kwake. Nilimtazama shingo aliyoinyoa vizuri, shati lake jeupe, mikono yenye harufu ya sabuni ghali, nikahisi kichefuchefu ambacho nyumba yenyewe haikuweza kunipa. Nikajionea kinyaa vilevile mimi mwenyewe, niliyekuwa nimeitengenezea fremu nzuri sakafu ya mgonjwa na kusimama mbele yake nikipumua kwa mapenzi.

Lakini nilikuwa nampenda. Mtu haachi kupenda kama anavyoweka kikombe mezani. Nilirudi jikoni, nikatafuta, nikaukuta ufagio nyuma ya mlango, umefungwa na utando wa buibui. Nikaupangusa, nikampa.

"Fagia," nilimwambia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mbele yake. Hili jiko tu. Fagia, tutoe godoro nje, umwambie ukweli. Halafu tutarudi wote mjini, na kesho nitamwambia mama yangu kwamba umepata mtu wa kukusindikiza kuja kubisha hodi."

Aliupokea. Naapa aliupokea kwa mikono miwili, na kwa kitambo kidogo nikamwona yule mtoto wa dawati la peke yake. Yule mama alikuwa ametulia kwenye ndoo yake, anatutazama kwa zamu.

Aliinama. Na alipoinama, jua likashuka kidogo kwenye tundu la bati, likaangukia sakafu yote kwa mkupuo, na vumbi la kinyesi likaanza kuelea ndani yake kama dhahabu. Niliyaona macho yake yakibadilika. Kila kilichomzunguka kikazimwa. Yalikuwa macho yaleyale aliyonitazamia dukani siku ile ya kwanza.

"Ngoja," alisema. "Nipige moja kwanza. Mwanga unaondoka."

Sikupiga kelele. Nilikuwa sina cha kupigia kelele.

"Piga," nilisema.

Aliuegemeza ufagio mezani, akaingia nyuma ya kamera. Alipiga moja. Alipiga nyingine. Kisha, bila kuinua kichwa, akanipungia mkono.

"Sogea kidogo kulia, Fundi. Kivuli chako kinaonekana."

Nikasogea. Nikasogea mpaka nikafika mlangoni, nikasimama karibu na ndoo ya yule mama, na wote wawili tukamtazama akifanya kazi. Alikuwa mzuri. Hata wakati ule niliona jinsi alivyokuwa mzuri.

Alipomaliza alifuta jasho, akauchukua ufagio, akatabasamu kwa aibu. "Haya. Sasa nafagia."

"Usijisumbue. Niletee mkoba wangu ulioko garini, halafu uende."

"Niende wapi? Wewe utarudije?"

"Barabara kuu haiko mbali. Kesho nitapata gari."

"Utalala hapa? Humu?" Na pua yake ikajikunja, kidogo tu, kabla hajaiwahi. Miezi minane nilikuwa sijawahi kuona kinyaa usoni mwake, hata mara moja. Alikuwa amekificha vizuri sana.

"Humu," nilisema.

"Fundi, nakupenda."

"Najua. Umenipenda vizuri, sina malalamiko. Na ulimtazama yeye vilevile, na ile sakafu vilevile. Siwezi tena kuwa ndani ya macho hayo."

Alinitazama, na mimi nikamwachia anitazame, kwa sababu nilijua ni mara ya mwisho na nilikuwa dhaifu. Kisha akakunja stendi. Akaenda akarudi na mkoba, akauweka juu ya meza, mahali safi kuliko pengine. Aliinama kwa yule mama.

"Nitarudi, Mama Mkubwa."

"Haya, baba. Endesha taratibu."

Tulisikia mlango wa gari. Halafu injini. Halafu tukasikia popo tu.

Nilikaa kwenye sakafu ile ile, bila kujali sketi yangu. Nililia kidogo, kwa mdomo uliofungwa ili nisivute hewa nyingi. Yule mama aliniacha nilie. Nilipomaliza aliniuliza kwa upole:

"Amekwenda kuwaita mafundi?"

Ningeweza kumdanganya. Kila mtu alikuwa amemdanganya mpaka hapo, na mmoja zaidi asingeonekana.

"Hapana, mama. Hakuna mafundi. Hizo picha zinatundikwa ukutani mjini, watu wanakuja kuzitazama. Mimi ndiye nilikuwa nazitengenezea fremu. Nilidhani nyumba haina mtu. Nisamehe."

Alimfukuza inzi. Hakushtuka wala hakuinamisha kichwa tena.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hakuna mafundi. Nilijua tangu mara ya pili. Mtu wa ukarabati huja na futi. Anapima, anagonga ukuta, anapanda juu. Huyu anatazama jua tu."

"Sasa mbona hukufagia?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Miaka kumi na tisa hakukanyaga hapa, mwanangu. Nilipokuwa nafagia asubuhi na jioni hakukanyaga. Miguu ikavimba, nikashindwa miezi miwili mitatu, popo wakaniwahi. Akapita siku moja, nadhani alitaka kuona kama nimekufa. Akakuta uchafu, akaupenda. Mwezi uliofuata akarudi. Na mwingine. Ananiletea mkate, anakaa hapa mlangoni ninamwona mchana kutwa." Aliikunjua mikono yake mapajani, akaitazama. "Ningefagia, angefuata nini?"

Niliinuka, nikauchukua ufagio aliouacha. Nilisimama nao mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuisikia harufu. Nilikuwa nimemfukuza mwanawe. Nilikuwa nimefanya jambo la haki kabisa, mbele ya mtu ambaye hakuniomba.

"Labda atarudi," nilisema.

"Labda." Alishika ukuta, akajiinua polepole, mguu mmoja kisha mwingine, akageuza ile ndoo aliyokuwa ameikalia na kuangalia ndani yake kama ina kutu. "Usisimame na ufagio kama mtu aliyekamatwa nao. Anzia pembe ile ya kitanda. Mimi nitanyunyiza maji, vumbi lisituingie machoni."